Ladha Ikibadilika Mdomoni, Tusikimbilie Kumtuhumu Aliyepika

(Mada hii ilitolewa na muuguzi mstaafu mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni waliotutembelea mjini Sumbawanga. Tumeona vema kuichapisha yote ili iwafikie na wale ambao hawakuweza kuhudhuria. – Mhariri)








 Najua wengi wenu mmetoka mbali: Kirando na Kasanga kule ziwani, Muze kule bondeni, Matai, Laela, Mpui na Namanyere. Poleni na safari.

Nimepewa mada ya matumizi sahihi ya dawa za muda mrefu. Mada hii ni pana, na tukitaka kuimaliza yote tutalala hapa. Kwa hiyo nimeomba nichukue kipande kimoja tu: ladha ya chakula mdomoni mwa mgonjwa, hasa yule anayetumia dawa za kupunguza lehemu, yaani yale mafuta ya kwenye damu ambayo wengi wetu tunayaita kolesteroli. Huenda baadhi yenu mnajiuliza, ladha nayo ni jambo la kuitia watu semina? Nami nilifikiri hivyo kwa miaka mingi. Naomba nianze na kisa kilichonifundisha.

Kisa cha mzee mmoja

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado kazini, tulimpokea mzee kutoka kijiji kimoja cha huku uwandani. Sitataja kijiji wala jina. Alikuwa amepata kiharusi chepesi: asubuhi mkono wa kulia ulilegea, jioni ukarudi. Alipopimwa, presha ilikuwa juu na lehemu ilikuwa juu. Miongoni mwa dawa alizoandikiwa kulikuwa na kaptoprili kwa ajili ya presha na simvastatini ya kupunguza lehemu, akatakiwa azitumie kila siku. Mimi ndiye niliyemkabidhi. Nilimweleza ipi ya asubuhi na ipi ya usiku. Nilimweleza apunguze chumvi. Kuhusu mdomo wake sikumweleza lolote.

Baada ya wiki mbili tatu ugali ukaanza kuwa na ladha ya sarafu. Hivyo ndivyo alivyosema baadaye: kama mtu anayelamba shilingi. Maharage machungu, chai chungu, hata maji. Mke wake alikuwa ameshafariki, na aliyekuwa akimpikia ni mkamwana wake. Mwanzo mzee alilalamikia sufuria. Mkamwana akabadilisha sufuria. Akalalamikia unga, ukasagwa mwingine. Akaanza kupungua mwili. Ndipo yakaanza maneno ambayo ninyi nyote mnayafahamu: "Mzee analishwa kitu." Kikao cha ukoo kikakaa. Yule mama akarudishwa kwao akiwa na mtoto mgongoni.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Wiki ileile mzee aliacha dawa. Alijiona mzima; tena mtu aliyekwisha kuamini kwamba analishwa sumu haamini tena chochote kinachoingia mdomoni. Vidonge vilivyobaki alivificha kwenye gunia la maharage. Baada ya wiki chache ladha ikarudi, ugali ukawa ugali. Kwa ukoo mzima ushahidi ulikuwa umekamilika: mkamwana ameondoka, mdomo umepona. Nani angebishana nao?

Miezi minne baadaye mzee alianguka shambani. Safari hii mkono haukurudi jioni, wala mguu, na maneno yakawa mazito. Alilazwa, dawa zikaanza upya. Haikupita muda mrefu, siku moja kijana wake akiwa anamlisha, mzee alisukuma kijiko akasema kwa shida: "Chungu." Ladha ya sarafu ilikuwa imerudi, na mkamwana yuko kwao, safari ya siku nzima kutoka pale. Yule kijana alikaa kimya. Kisha akanifuata akaniuliza, "Mama, hizi dawa zinaweza kuharibu mdomo?"

Ndugu zangu, nilimjibu kwamba zinaweza. Na nilikuwa nikijua hivyo tangu siku ile ya kwanza nilipomkabidhi baba yake dawa. Sikusema kwa sababu niliona ni maudhi madogo madogo, na foleni ilikuwa ndefu.

Daktari aliposikia, hakuzisimamisha dawa zote kwa pamoja. Kwanza alibadilisha ile ya presha, tukasubiri, uchungu ukabaki. Kisha akabadilisha ile ya lehemu, akampa ya aina nyingine. Wiki chache baadaye mzee alituambia kwamba maharage yana ladha ya maharage. Nimesikia mahubiri mengi mazuri, lakini sentensi ile bado iko masikioni mwangu.

Ladha hutokeaje?

Juu ya ulimi na nyuma ya koo tuna vinundu vidogo sana vya ladha. Ndani yake mna chembe hai zinazotambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ladha ya tano, ile ya supu ya nyama au dagaa iliyochemka vizuri. Chembe hizo hazidumu. Mwili huzibadilisha kila baada ya siku kumi hivi hadi wiki mbili. Habari kutoka ulimini husafirishwa na mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Ili chembe hizo zifanye kazi, chakula lazima kiyeyuke kwenye mate. Pua nayo inafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani: mtu mwenye mafua makali haitambui hata harufu ya kitunguu. Wengi tulilijua hilo upya tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowapotezea watu harufu na ladha kwa wakati mmoja.

Dawa inaweza kuingilia kazi hiyo kwa njia mbalimbali. Baadhi ya dawa hupita kwenye damu hadi kwenye mate, na mgonjwa akaionja dawa yenyewe mchana kutwa. Nyingine hukausha kinywa. Nyingine hugusa chembe za ladha au mishipa ya fahamu. Na zipo zinazoshikamana na madini ya zinki mwilini, ambayo ulimi unayahitaji ili uonje sawasawa.

Hapa naomba tutofautishe mambo mawili. Sisi wa umri wangu tumekulia kwenye kwinini na klorokwini. Zile zilikuwa dawa chungu: unameza, unakunja uso, basi. Ninachozungumzia leo ni dawa ambayo ukiimeza haina uchungu wowote, lakini inabadilisha ladha ya vitu vingine siku nzima. Ndiyo maana mgonjwa haitilii mashaka dawa. Anakitilia mashaka chakula, na nyuma ya chakula kuna aliyekipika.

Lehemu na dawa zake

Lehemu si adui. Mwili unaihitaji kujengea chembe zake, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Tatizo ni ikizidi, hasa ile tunayoiita lehemu mbaya. Hujijenga ndani ya kuta za mishipa ya damu kidogo kidogo kwa miaka, kama masizi yanavyojijenga kwenye dohani, hadi njia inakuwa nyembamba. Siku damu ikiganda mahali pale, moyo au sehemu ya ubongo hukosa damu. Lehemu haiumi wala haiwashi, na mwenye nayo hajui mpaka apimwe.

Wengine husema haya ni magonjwa ya watu wa Dar es Salaam. Sivyo. Utafiti uliofanyika nchini mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takribani robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na lehemu iliyozidi, na takribani robo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Huku kwetu tunalima kwa jembe na kutembea kwa miguu, na hilo linatusaidia. Lakini pikipiki zimekuja, chipsi zimekuja, na nyama ya nguruwe ya kukaanga kwenye mafuta yake haikosekani mnadani.

Dawa kuu za kupunguza lehemu huitwa statini. Aliyefungua njia ni Mjapani Akira Endo, mtoto wa familia ya wakulima, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 90. Sisi tunaookota uyoga kila masika tutampenda, kwani tangu utoto alivutiwa na uyoga na kuvu. Yeye na wenzake walichunguza aina za kuvu zipatazo 6,000, na mwaka 1973 wakapata ndani ya kuvu mmoja wa jamii ya ule unaoota kwenye nafaka kitu kinachozuia ini kutengeneza lehemu. Statini ya kwanza iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1987. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliingiza simvastatini kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Leo zinatengenezwa na viwanda vingi, na bei yake si ile ya zamani.

Na zinasaidia. Tafiti kubwa zilizojumlisha watu wengi zimeonyesha kwamba kila lehemu mbaya inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa takribani moja ya tano. Kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi kimoja, hilo si jambo la kuchezea. Nayasema haya mapema ili asiwepo atakayetoka hapa na kutangaza kwamba mama muuguzi amesema statini ni mbaya. Sijasema hivyo. Statini ni dawa nzuri, na kama dawa nyingine zote ina maudhi yake.

Hutokea kwa watu wangapi?

Ni wachache. Kwa atorvastatini, ambayo ni ndugu wa simvastatini, maelezo rasmi yanayotumika Ulaya yanaliweka badiliko la ladha kwenye kundi la mambo yanayowapata zaidi ya mtu 1 kati ya 1,000 lakini pungufu ya 1 kati ya 100. Maana yake, katika watu 1,000 wanaoitumia, ni kama mtu mmoja hadi tisa. Wengi wa watumiaji hawataona lolote.

Ila wagonjwa wetu hawatumii statini peke yake. Mara nyingi wana presha au kisukari pia. Kaptoprili, dawa ya presha iliyotumika sana vijijini, hupunguza au kubadilisha ladha kwa watu 2 hadi 4 katika kila 100; kwa kawaida ladha hurudi ndani ya miezi miwili au mitatu, hata kama mtu anaendelea na dawa. Metfomini ya kisukari nayo inajulikana kwa kuacha ladha ya chuma. Na ile ya metronidazo, ambayo kila mmoja wetu anaiita Flagyl, nadhani hapa hakuna asiyeijua ladha yake. Tofauti ni kwamba Flagyl unaimeza siku chache, unavumilia, unamaliza. Hizi nyingine ni za maisha.

Tena si kila badiliko la ladha linatokana na dawa. Fangasi mdomoni, meno yaliyooza, tumbaku na ugoro, kinywa kikavu, upungufu wa vitamini B12 au zinki, kisukari kisichodhibitiwa, na uzee wenyewe, vyote huharibu ladha. Kwa sababu hiyo mgonjwa anatakiwa arudi apimwe, badala ya kujitibu kwa kukisia.

Hatari tatu

Kwa nini nayaita maudhi haya hatari? Kwa sababu hayaui yenyewe, lakini yanafungua milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kuacha dawa kimyakimya. Mgonjwa wa presha na lehemu hasikii maumivu anapoacha dawa. Anachosikia ni nafuu: chakula kimerudi kuwa kitamu. Mwili unamwambia amefanya vema, kumbe mishipa inaendelea kuziba. Na akirudi kliniki ataulizwa, "Unatumia dawa?" Atajibu, "Natumia," kwa sababu anaogopa kugombezwa.

Mlango wa pili ni chumvi. Chakula kikikosa ladha mtu huongeza chumvi. Chumvi ina historia ndefu kwetu. Kule Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, watu walikuwa wakiichemsha tangu karne ya 13 hivi, na biashara yake iliunganisha makabila. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Mgonjwa wa presha anayemimina chumvi ili aisikie anabomoa kwa mkono mmoja kile anachojenga kwa dawa.

Mlango wa tatu ni tuhuma, na huo ndio hasa ulionileta hapa mbele. Wazee wetu wanatueleza kwamba jina la Sumbawanga linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Watani zetu wa mikoa mingine hututania kwa jina hilo, nasi tunacheka nao. Lakini mimi huliona kama agizo zuri ambalo mji wetu umepewa: utupe, usiende nao ndani ya nyumba ya mwenzako. Mnakumbuka jinsi bibi vizee kule Shinyanga na Mwanza walivyoteswa, hata kuuawa, kwa sababu ya macho mekundu, ambayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote. Dalili ya mwili ilisomwa kama alama ya uovu. Ladha ya chuma mdomoni ni dalili ya mwili. Tukiisoma vibaya, atakayelipa ni yule asiye na sauti kikaoni: mke, mkamwana, binti wa kazi, au jirani aliyeleta kibakuli cha uji kwa nia njema.

Tufanye nini?

Sasa nije kwenye kazi ya kamati. Ninyi si madaktari, na sitaki mtu yeyote hapa abadilishe dawa ya mgonjwa. Lakini mnaingia kwenye nyumba ambazo daktari hafiki. Naomba mchukue mambo haya:

1. Ulizeni swali moja la ziada. Mnapomtembelea mgonjwa wa muda mrefu, msiulize tu kama anameza dawa. Muulizeni, "Chakula kinapita? Kina ladha yake?" Swali hilo halimtishi mtu, na hufungua mengi.

2. Tazameni tarehe. Ladha ilibadilika lini, na dawa mpya ilianza lini? Kama dawa ilitangulia kwa siku au wiki chache, hapo pana jambo la kumpelekea mtoa huduma.

3. Mfuko mmoja. Mgonjwa anaporudi kliniki abebe dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za duka la dawa na za mitishamba. Hii ni muhimu hata mbali na ladha. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU hazitakiwi kabisa kuchanganywa na simvastatini, na rifampisini ya kifua kikuu huipunguzia nguvu. Hata tunda la balungi likiliwa kwa wingi huongeza simvastatini kwenye damu kupita kiasi.

4. Asiache mwenyewe. Mwambieni mgonjwa kwamba zipo njia: kusubiri kidogo, kupunguza kipimo, au kubadilishiwa aina. Maamuzi hayo ni ya daktari au tabibu. Mgonjwa akijua kwamba njia zipo, haoni haya kusema.

5. Msaidieni mpishi. Mgonjwa asukutue kinywa kabla ya kula na asugue ulimi taratibu. Limau, ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, nyanya na giligilani huamsha ladha bila kuongeza chumvi. Chakula cha vuguvugu humfaa kuliko cha moto sana. Anayesikia ladha ya chuma ajaribu kijiko cha mbao au cha plastiki. Ale kidogo kidogo mara nyingi. Maharage yetu, karanga, samaki wa ziwani na nyama isiyo na mafuta vinampa zinki na protini. Mafuta ya alizeti tunayokamua wenyewe hapa Rukwa ni bora kwake kuliko mafuta ya nguruwe, ila nayo yawe kwa kiasi.

6. Zijueni dalili za kukimbilia hospitali. Maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia kwa mtu anayetumia statini; macho kuwa ya njano; midomo au ulimi kuvimba ghafla kwa anayetumia kaptoprili; uso kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ghafla. Hapo msisubiri kesho. Na mama mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, amweleze daktari kabla ya kuendelea na statini.

7. Kikao cha ukoo kisubiri. Mkisikia katika jumuiya yenu kwamba mtu analishwa kitu, na mtu huyo anatumia dawa za kila siku, ombeni ukoo usitoe hukumu mpaka mgonjwa apimwe. Pengine wiki mbili za subira zitaokoa ndoa. Ikiwa baada ya kupimwa bado kuna shaka ya sumu ya kweli, basi ni suala la hospitali na polisi, siyo la mganga wala kikao cha usiku.

Ombi kwa wafadhili

Nawashukuru sana wafadhili wetu kwa mashine za kupimia presha na sukari mlizotupatia. Naomba niseme kwa unyenyekevu kwamba mashine hupima mkono na kidole, haiulizi swali. Fedha kidogo za mafuta ya pikipiki, ili mhudumu amfikie mgonjwa mwezi wa kwanza baada ya kuanzishiwa dawa, zinaweza kuzuia kiharusi ambacho matibabu yake Mbeya au Dar es Salaam yangemaliza ng'ombe wote wa familia. Mwezi ule wa kwanza ndio mgonjwa anapoamua moyoni kama atakuwa rafiki wa dawa au la. Tunaomba pia kadi ndogo ya Kiswahili chepesi, ya kumpa kila anayeanza dawa, yenye mstari mmoja usemao: "Chakula kikibadilika ladha, rudi utuambie. Usiache dawa." Ni karatasi tu, lakini mimi ningekuwa nayo siku ile, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia leo.

Hitimisho

Mtataka kujua mwisho wa wale watu. Baada ya daktari kubadilisha dawa, mzee alimwita kijana wake na kumwambia amrudishe mke wake. Kijana aliogopa kwenda peke yake, na ni haki aogope. Wajumbe wawili wa kamati ya parokia yao, mama mmoja na baba mmoja, walifuatana naye. Walieleza mbele ya wazazi wa yule mama jambo lilivyokuwa, na mmoja wao alibeba kile kikopo cha dawa kama shahidi. Wazazi walikataa siku ile. Walikubali mara ya tatu.

Alirudi. Sitawadanganya kwamba mambo yote yalirudi kama zamani. Maji yakimwagika hayazoleki. Alimpikia mkwewe tena, lakini kwa muda mrefu alikuwa akionja kila chakula mbele yake kabla ya kumwekea, bila kuambiwa na mtu. Mzee aliona, na siku moja akamshika mkono ule wa kuonja kwa mkono wake uliobaki mzima, akamwambia, "Basi, mwanangu. Inatosha." Aliishi miaka mingine kadhaa akitembea kwa fimbo na kumeza dawa zake kila siku.

Ndugu wajumbe, wagonjwa wetu wanabeba mengi kimya. Mkirudi nyumbani, wiki hii hii, mtembeleeni mmoja tu na mmuulize lile swali: chakula kina ladha yake? Kisha kaeni mmsikilize.